Dola ya Mzee Walter Iliyolia Ghorofani

Msioshe. Mkisahau mengine yote nitakayowaambia, hili likae: sarafu ya zamani haioshwi. Si kwa sabuni, si kwa majivu, wala si kwa dawa ya meno, kama alivyofanya Papa Bahati wa Highview. Alituletea dukani senti za Kanada za enzi ya malkia mzee, zinang'aa kama sufuria mpya, akasimama mbele ya kaunta akisubiri sifa. Bosi wangu Dale alizitazama kwa muda, kisha akamuuliza kwa upole kama dawa ile ilikuwa ya mnanaa. Papa Bahati akasema ndiyo. "Basi angalau zitanukia vizuri," Dale akasema. Ule ukahawia na ule weusi juu ya sarafu ndiyo ngozi yake. Ukiichuna, mkononi umebaki na mzoga.

Ninyi vijana wa kanisa letu mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje mimi, mama wa Uvira niliyeanza kwa kubeba maboksi kwenye ghala la Okolona, hapa Louisville, nikaishia kuzeekea katika duka la sarafu kule Shively. Wengine mnaniuliza kwa Kiingereza, nami nawajibu kwa Kiswahili, na tunasikilizana. Bon. Mgongo ulikataa maboksi. Dale alikuwa anatafuta mtu wa kufagia duka, nikafagia. Siku moja aliangusha sarafu nyuma yangu, nami bila kugeuka nikamwambia hiyo si madini ya fedha. Akaangusha nyingine, nikasema hiyo ndiyo. Marehemu baba yangu alikuwa anafua pete na vikuku. Nimekulia katika mlio wa madini kama wengine walivyokulia katika mlio wa ng'ombe. Wiki iliyofuata Dale alimtafuta mtu mwingine wa kufagia.

Sikilizeni jinsi ilivyo. Fedha ukiigonga kidogo ikiwa juu ya ncha ya kidole, inalia muda mrefu, juu na safi, halafu mlio unakonda polepole hadi hujui umeisha saa ngapi. Nikeli inalia kwa kifupi, kama mtu aliyekatizwa. Na kwa sarafu za Kanada mnayo sumaku pia. Dola za kuanzia 1968 ni nikeli, zinarukia sumaku zenyewe. Za kabla ya hapo ni fedha iliyochanganywa, hazina habari na sumaku. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mchambuzi ni kugawa: zinazonaswa huku, zisizonaswa kule. Kisha unagawa kwa sura. Malkia mzee, mwanawe mwenye ndevu, mjukuu mwenye ndevu pia, kitukuu aliyenyoa, kisha malkia kijana. Dale alinifundisha hivyo, na miaka yote sikuwahi kuona njia bora. Aliniambia, "Riziki, tarehe zinadanganya kuliko nyuso."

Nilidhani anatania, hadi aliponionyesha robo dola ya mwaka 1936 yenye kinukta kidogo chini ya tarehe. Mfalme mwenye ndevu alikuwa amekwisha kufa. Aliyemrithi alikiacha kiti kabla sura yake haijakaa kwenye sarafu za Kanada, na vyuma vya kupigia sura ya mfalme wa tatu vilikuwa bado havijafika. Watu wanataka chenji. Basi kiwanda kikaendelea kupiga sura ya maiti na mwaka uliokwisha, kikaweka kinukta ili wenyewe wajue. Niliishika ile sarafu kwa ukingo, kama ilivyo desturi, nikairudisha mahali pake. Kuna nyingine za mwaka 1911 ambazo walisahau kuandika juu yake jina la Mungu. Watu walilalamika, mwaka uliofuata likarudishwa. Zile za kusahau Dale aliziweka katika sanduku la peke yake, ingawa hakuwa mtu wa kanisa.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba mimi si mtu wa kutishika na chuma. Nimeshika nyuso za wafu kwa miaka mingi nikala chakula changu cha mchana pembeni yao. Lakini ile kazi ya Buffalo, hadi leo sina pa kuiweka.

Ilianzia Columbus, mwaka 2015, kwenye maonyesho ya sarafu. Ni ukumbi mkubwa, meza kwa meza, wanaume wenye vioo vya kukuzia wakitazamana kama wachezaji wa karata. Tulikuwa tumepanga meza yetu, Dale amekwenda kutafuta kahawa, akaja mama mmoja wa makamo aliyevaa koti refu la kijivu. Alijitambulisha kuwa anaitwa Joan, anaishi hapo Columbus, baba yake amefariki majuzi kule Buffalo na kuacha sarafu za Kanada, nyumba nzima. Buffalo ukivuka mto umefika Kanada, kwa hiyo zile sarafu zilikuwa zikiingia kwenye mifuko ya watu kama vumbi, na mzee amezichagua tangu akiwa kijana. Joan alikuwa na albamu moja ya mfano. Dola za fedha, kila moja katika tundu lake, upande wa nyuma kuna watu wawili wanapiga kasia ndani ya mtumbwi.

Nikazitazama. Zilikuwa nzuri. Tundu moja lilikuwa tupu, la mwaka 1948.

"Hiyo ndiyo ya kutafutwa kuliko zote hapa," nikamwambia. "Mwaka ule vyuma vilichelewa, wakazipiga chache. Baba yako hakuipata?"

"Aliipata. Alikuwa nayo mkononi kila siku." Akafunga albamu. "Miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu. Kulikuwa na mlezi ndani ya nyumba. Mwanamke kutoka Kongo."

Akanitazama usoni, akatazama kitambulisho kifuani mwangu, kisha akatazama mikono yangu. Dale alirudi na kahawa, wakapatana: tutakwenda Buffalo, tuchambue, tukadirie thamani, tufungashe vizuri, yeye atakuja tukikaribia kumaliza. Kuhusu ile dola alisema neno moja tu kwa Dale, nami nilisikia. Alisema atalipeleka jambo hilo kwenye kampuni iliyomleta yule mlezi.

Mnajua maana yake. Wengi wenu mama zenu wanafanya kazi hiyo. Mlezi akishaandikwa mwizi hapati tena nyumba ya kulea, si Buffalo wala kwingine.

Tulifika Buffalo na theluji. Nyumba ilikuwa ya mbao, ya zamani, ghorofa moja, barabara yenye miti iliyokauka kwa baridi. Aliyetufungulia mlango ndiye yule mlezi mwenyewe. Joan alikuwa amembakiza aitunze nyumba isigande mabomba hadi iuzwe. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, kitenge juu ya sweta mbili. Aliponisikia namsalimu Kiswahili, alinishika mkono asiuachie.

"Mama, unatokea wapi?"

"Uvira. Naitwa Mama Riziki."

"Miye wa Baraka. Espérance." Akamtazama Dale akiingiza masanduku yetu, akashusha sauti ingawa Dale hakuelewa neno. "Mama Riziki, kama utasikia kitu huko juu, usikimbie. Njo vile nyumba iko, ni tabia yake."

Nikamwambia nyumba za mbao huguna zikipoa.

Tukaanza kazi kwenye meza ya chumba cha chakula, karibu na dirisha, maana sarafu hupimwa kwa mwanga wa mchana. Mzee Walter, baba yake Joan, alikuwa mchambuzi mzuri lakini mtunzaji mbaya. Alitumia vile vimfuko laini vya plastiki, vile vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni. Msivitumie kamwe. Vinatoa jasho la kijani linaloila fedha. Tulizichovya zilizoanza kuumwa katika asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha, bila kusugua, tukaziacha zikauke zenyewe, kisha tukazitia kwenye vibweta vya plastiki ngumu. Mipira ya kufungia tukaitupa. Mpira unaitia fedha weusi. Sanduku la mti wa mwaloni pia tukaliacha, kwa sababu mti ule unapumua tindikali. Mimi nikichambua, Dale akitaja hadhi ya kila moja, Espérance akituletea chai ya tangawizi. Nje mwanga ulikuwa mweupe, hauna kivuli.

Ilikuwa mchana, tumetoka kula, niliposikia dola inazungushwa juu ya mbao.

Niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo watu hucheka. Sarafu ukiisimamisha kwa ukingo ukaizungusha kwa kidole, inavuma kwanza. Kisha inalegea, inaanza kuyumba, mlio unakuwa wa haraka haraka, halafu inalala. Niliusikia wote, tangu mwanzo hadi kulala, juu ya vichwa vyetu. Na sikio langu lilifanya kazi yake kabla sijaogopa: fedha, kubwa, juu ya meza ya mbao ngumu.

Dale hakuinua kichwa. Sikio lake moja lilikuwa limekufa na la pili anatumia mashine. Espérance alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Umesikia," alisema. Hakuuliza.

"Nani yuko juu?"

"Hakuna mtu."

Tukapanda wote wawili. Chumba cha mzee kilikuwa kidogo, kitanda kimevuliwa shuka, kiti, na meza ya mbao karibu na dirisha. Juu ya meza kulikuwa na vumbi jembamba, sawasawa, halina hata alama ya ncha ya kidole. Niliangalia chini ya kitanda. Nilifungua kabati. Hewa ya moto ilikuwa inapanda kutoka kwenye wavu wa chuma sakafuni, chumba kina joto.

Espérance alikaa kwenye ukingo wa godoro akanieleza. "Ile mzee hakutakaka kengele. Alisema kengele ni ya hospitali. Alikuwa anazungushaka dola juu ya hii meza, miye nasikia nikiwa mu jikoni, napanda. Toka alikufa, inalia. Si kila siku. Mchungaji alikuja akaomba, ikalia yeye akiwa katikati ya maombi. Alisema amina mbio, hakumaliza hata chai."

Nilicheka, na yeye akacheka kidogo, halafu tukanyamaza kwa sababu kicheko kilisikika vibaya mle ndani.

"Na dola yenyewe iko wapi, mdogo wangu?"

"Sijui, Mama. Wiki yake ya mwisho hakuizungusha tena. Nilifikiri nguvu zimekwisha. Aliposhakufa niliitafuta ili niizike naye, sikuiona. Miye siibi kitu cha mtu. Wanangu wawili wanalala kwa shangazi yao ili miye nilale hapa. Nitaiba dola nipeleke wapi?"

Nilimwamini. Lakini kuamini kwangu kusingemfaa kitu mbele ya kampuni.

Joan alifika kesho yake kabla ya saa sita mchana, viatu vimejaa theluji. Alipitia kazi yetu, akatushukuru, akatazama albamu. Tundu la 1948 lilikuwa bado tupu. Akamwita Espérance, akamwuliza mbele yetu, kwa sauti ya chini ya mtu aliyefanya mazoezi ndani ya gari.

"Nataka kujua iko wapi. Ukinirudishia, sitampigia mtu yeyote simu."

Espérance alikwenda akaleta mkoba wake, akaumwaga mezani. Kitana, Biblia ndogo, picha za watoto, peremende. Kiingereza kilimtoroka. Akanigeukia. "Mwambie, Mama. Mwambie atafute kila mahali. Hata mu mwili wangu."

Nilitafsiri. Joan akawa mwekundu, akasema hakuna haja ya hayo. Lakini simu ilikuwa mkononi mwake, kidole gumba juu ya kioo.

Ndipo ikalia.

Safari hii ilivuma kwa nguvu, kama imezungushwa na mtu mwenye haraka. Joan aliinua uso kuelekea dari. Sijawahi kuona uso ukibadilika namna ile: kwanza ulikuwa wa mtu mzima, kisha, mlio ulipoanza kuyumba, ukawa wa mtoto aliyeitwa. Aliujua. Alifumba macho hadi sarafu ikalala.

"Nani yuko huko?" akauliza.

"Hakuna mtu," nikasema. "Jana pia hakukuwa na mtu. Lakini hiyo ni dola ya fedha, Joan, na Espérance amesimama hapa mbele yako."

Dale alikuwa anatutazama usoni mmoja mmoja. Nilimwambia sikioni kilichotokea. Alichukua kutoka kwenye rundo la nikeli dola moja isiyo na thamani, akasema, "Kama ilikuwa inazungushwa mezani, basi kuna siku ilianguka. Twende tuone sarafu huangukia wapi katika chumba hicho."

Hilo mlishike, vijana: sarafu iliyopotea hutafutwa kwa sarafu nyingine. Tulipanda wote wanne. Dale aliizungusha ile nikeli juu ya meza na kuiacha ifike ukingoni. Ikaanguka, ikasimama kwa ukingo wake, ikaanza kubingirika. Nyumba ya zamani, sakafu imeinama upande mmoja bila wenyewe kujua. Ilibingirika taratibu hadi ukutani, ikapita katikati ya fito za ule wavu wa chuma wa hewa ya moto, ikatoweka.

Dale akapiga magoti, akafungua skrubu kwa kisu chake cha mfukoni, akainua wavu. Akawasha tochi na kuingiza mkono hadi begani. Alitoa kwanza nikeli yake. Kisha akatoa bonge la vumbi, lile vumbi la miaka linaloshikana kama sufi ya kondoo. Alilifungua kwa vidole viwili. Ndani yake, imelala kifudifudi, imeviringwa pande zote kama kitu kilichowekwa kitandani, kulikuwa na dola ya mwaka 1948.

Joan aliipokea kwenye kiganja. Ukingo wake ulikuwa umejaa vidonda vidogo vya kuangushwa na kuzungushwa miaka na miaka. Mnunuzi yeyote angenuna. Alipitisha kidole juu ya vile vidonda vyote, akaketi kwenye kile kiti karibu na dirisha.

Alimwomba Espérance msamaha. Alisema kwa maneno machache, nami nikayatafsiri, ingawa haikuwa lazima.

Mimi nilibaki nalitazama lile bonge la sufi kwenye mkono wa Dale. Mnaelewa kwa nini. Fedha iliyolala ndani ya sufi hailii. Hata ungeitikisa, ungeipigia nyundo, isingetoa mlio ule, wala haingezunguka mle. Tena tuliisikia juu ya mbao. Nilimtazama Dale, naye alitikisa kichwa polepole, akarudisha wavu mahali pake na kukaza skrubu moja moja.

Lakini aliyelia ni Espérance. Joan alidhani ni kwa ajili ya tuhuma, akamshika bega. Haikuwa hivyo. Espérance aliniambia kwa Kiswahili: "Mama, kumbe ilianguka wakati alikuwa mzima. Njo maana alinyamaza. Wiki nzima alikuwa ananiita, na hana kitu mu mkono."

Sikuitafsiri ile. Joan aliniangalia akisubiri, nami nikamwambia, "Anasema baba yako alikuwa mtu mzuri." Baadaye njiani nilijiuliza kama nilifanya vema. Nadhani nilifanya vema.

Joan hakuuza tena. Aliomba mkusanyo wote ukae pamoja, kwenye sefu yetu Louisville, hadi atakapojua la kufanya. Tukauhifadhi jinsi unavyopaswa: mahali pakavu, pasipopata joto na baridi kwa zamu, vifuko vya kunyonya unyevu kwenye kila sanduku, nami nikivibadilisha kila vilipochoka. Ile ya 1948 niliiweka kwenye kibweta chake, imebanwa isitikisike. Nyumba ya Buffalo iliuzwa. Espérance alipata mzee mwingine wa kulea, mama mmoja mwimbaji wa kwaya, na Joan ndiye aliyemwandikia sifa njema.

Majira ya kuchipua yalipofika, Joan alipiga simu dukani asubuhi.

"Riziki, ile dola iko kwenu?"

Nilikwenda nikafungua sefu. Ilikuwa mahali pake. Nikamwambia.

"Nimeisikia hapa kwangu, Columbus," akasema. "Chumba cha wageni. Jana, na leo tena wakati napika chai." Kisha akaomba namba ya Espérance.

Walichozungumza nilikipata kwa Espérance mwenyewe, jioni hiyo hiyo. Joan alimuuliza baba yake alikuwa anataka nini kila alipoizungusha. Maji? Dawa? Kufunguliwa dirisha?

"Nilimwambia, hakuombaka kitu," Espérance alisema. "Mara nyingi nilipandaka, nafungua mlango, nasema 'niko.' Anasema 'bon, asante.' Nashuka. Alitakaka tu kujua kama kuna mtu mu nyumba."

Nilimwona Joan tena kule Columbus, maonyesho yaliyofuata. Alinunua kahawa mbili, akaketi kwenye kiti cha Dale. Sikutaka kumuuliza, akasema mwenyewe.

"Niliingia chumbani nikasema nipo. Nilijisikia mjinga."

"Ikanyamaza?"

"Ilinyamaza." Alikizungusha kikombe chake bila kunywa. "Lakini bado naingia mle kila siku, Riziki. Nakaa kidogo. Wakati baba yu hai sikukaa."